Achari Niliyoipika Bila Kuionja

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwanzoni mwa 2021, nyumbani kwetu Mtambwe, Pemba, tulijadiliana wiki nzima. Nilikuwa na C ya kemia, C ya baiolojia na D ya hisabati. Ami, ambaye ndiye aliyekuwa akinisomesha tangu baba atangulie mbele ya haki, alitaka niende kidato cha tano, nichukue kombi yenye kemia na baiolojia, kisha chuo kikuu kama watoto wa wenzake. Mimi nilitaka kuvuka niende Unguja nikasome stashahada ya teknolojia ya chakula: miaka mitatu, kuanzia ngazi ya nne ya NTA, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi, hadi ya sita, na nikimaliza nina cheti cha kuombea kazi. Ami aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini chakula?" Nikamjibu, "Kwa sababu napenda kupika, ami."

Jibu hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na ndilo ninalolisikia kwa kila kijana anayenitafuta kuniuliza habari za fani hii. Anayepika anapikia watu walio mbele yake, na wakishakula kazi imekwisha. Sisi tunaulizwa chakula hicho kitakuwaje siku ya tisini, ndani ya chupa, juu ya rafu ya duka la mtu usiyemjua, na kama chupa ya mia tano italingana na ya kwanza. Maswali hayo hayajibiwi kwa kupenda kupika. Kama nilikuwa nakwepa hisabati kwa kukimbilia jikoni, nilikimbilia pasipo.

Muhula wa kwanza sikushika sufuria hata siku moja. Tulishika bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za kupimia kimiminika. Tulipima asidi ya juisi ya chungwa kwa kudondoshea hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone mpaka rangi igeuke waridi hafifu, na ikikolea sana umeshapitiliza, unaanza upya. Mimi nilipitiliza mara tatu mfululizo, na mara ya nne niliandika namba ya jirani yangu. Mwalimu hakunigombeza. Aliniomba nimwoneshe hesabu iliyoleta namba ile, na sikuwa nayo. Mwisho wa muhula nikapata sapu ya kemia ya chakula. Sapu ni aibu, lakini pia ni pesa. Wenzangu walirudi Pemba likizo, mimi nikabaki Fuoni kwa mama mdogo wiki tatu zaidi, nauli za daladala kila siku na ada ya kurudia mtihani, pesa ambazo ami alizituma bila kusema neno. Ukimya wake ule uliniumiza kuliko angenisema.

Kilichoniokoa ni kurudi kwenye hesabu za skuli ya msingi: uwiano, asilimia, mlinganyo wenye kisichojulikana kimoja. Hesabu nyingi za kazi hii ziko pale. Nikupe mfano nilioutumia tangu hapo mara zisizohesabika. Una juisi yenye utamu wa Briksi 8, yaani takribani gramu 8 za sukari kwa kila gramu 100, na una shira ya Briksi 60. Unataka juisi ya Briksi 14. Unachora mraba, unaandika 8 na 60 kwenye pembe za kushoto na 14 katikati, kisha unatoa kimshazari: 60 toa 14 ni 46, hizo ni sehemu za juisi, 14 toa 8 ni 6, hizo ni sehemu za shira. Kwisha. Wanauita mraba wa Pearson. Mtu aliyenifundisha vizuri alikuwa mwanafunzi mwenzangu wa dakhalia, usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Kwa hiyo usikae peke yako na usichokielewa.

Lugha nayo. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, na nilipoteza miezi nikikariri sentensi nzima nzima bila kujua zinasema nini. Baadaye nilitenga daftari dogo, kila neno gumu nikaliandikia maelezo kwa Kiswahili changu mwenyewe, kama nitakavyomweleza bibi. Nikishindwa kumweleza bibi, nilijua sijaelewa.

Mwaka wa pili tulikwenda fildi. Nilipangiwa sehemu ndogo inayokausha na kufunga dagaa. Wiki mbili za mwanzo kazi yangu ilikuwa kusugua sakafu, kuosha meza, kuchanganya maji ya klorini na kuandika saa ya kuyachanganya. Nilinuna. Nilikwenda kulalamika kwamba sikuja kufanya usafi, na nikajibiwa kwamba aliyetangulia kulalamika hivyo hakumaliza. Sasa nashukuru, maana pale ndipo nilipojifunza jambo ambalo darasani nililiandika bila kulisikia: samaki wa aina ya dagaa na jodari wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na histamini ikishaingia haitoki kwa kuchemsha, wala kwa kukausha, wala kwa chumvi. Dagaa wanaweza kung'aa, wakanukia vizuri, na bado wakamwasha mtu mwili mzima na kumtia kichwa kuuma. Kumbe mlango wa usalama uko pwani, saa ile ndoo zinashushwa, na mtu wa kiwandani anapokea matokeo tu. Kuanzia hapo nikimwona mchuuzi ameacha tenga juani huwa siwezi kunyamaza.

Sasa nije kwenye mradi wa mwaka wa tatu, maana hapo ndipo nilipopoteza pesa na usingizi, na ndipo ningependa mwingine asipotee.

Nilichagua achari ya embe. Bibi yangu mzaa mama anajulikana kijijini kwa achari. Huweka chupa zake uvunguni mwa kitanda, na embe za msimu mmoja zinaukuta msimu mwingine hazijaharibika. Nikaona nina mradi tayari: nichukue mapishi ya bibi, nipike chuoni, nipime, niandike. Pendekezo niliandika Novemba 2023, embe zimejaa, boribo na dodo kila genge. Idhini ya mradi nikaipata mwishoni mwa Januari. Kupika nikapika Februari, embe zinaondoka. Hili tu ni somo: kabla hujaandika jina la zao kwenye pendekezo, hesabu mwezi utakaopika, si mwezi unaoandika. Mwenzangu mmoja aliyechagua muhogo alikuwa nao mwaka mzima.

Nilikata embe mbichi, nikatia chumvi, nikaanika siku moja, nikachanganya na thomu, tangawizi, pilipili, bizari ya achari, siki na mafuta, nikajaza chupa 60 za kioo. Kila hatua niliionja. Ilikuwa tamu hasa, mama mdogo akaniomba chupa mbili nikamnyima kwa sababu ni za utafiti. Nikachovya kipima pH, kifaa cha kupimia ukali wa asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), kwenye mchuzi wa juu, kikasoma 3.4. Nikafurahi, maana chini ya 4.6 kile kijidudu cha botulinamu hakiwezi kukua na kutoa sumu yake, na achari yenye thomu chini ya mafuta ni lazima umwogope huyo, kwani mafuta yanazuia hewa na yeye anapenda pasipo na hewa.

Siku ya kumi na mbili nikaingia stoo nikakuta vifuniko vimevimba. Nilipofungua kimoja kilitoa mshindo na povu likapanda. Nilifungua nyingine tisa, saba zilikuwa hivyo hivyo. Nililia pale pale stoo. Chupa moja ilikuwa shilingi 1,200, na sikuwa na pesa nyingine za kununua.

Msimamizi wangu alinikalisha akaniuliza maswali matatu. La kwanza: ulipima pH ya nini? Nikasema ya mchuzi. Akasema mchuzi una siki, vipande vya embe vina maji yake, na inachukua siku kadhaa mpaka viwili hivyo vilingane. Toa vipande, visage pamoja na mchuzi, ndipo upime. Tulisaga, tukapata 4.3. Hatukuwa tumefika kwenye hatari ya botulinamu, lakini hamira ilikuwa imepata pa kuishi, ikila sukari ya embe na kutoa gesi. La pili: chupa ulizichemsha? Nilizisuuza kwa maji ya moto, kuzichemsha sikuzichemsha. La tatu ndilo lililonimaliza. Chumvi ni gramu ngapi? Nikamwambia nilitia viganja viwili kwa kila kilo, kama bibi.

"Kiganja cha nani?"

Nikanyamaza. Akanipa wiki moja niende nikapime kiganja.

Nilinunua mizani ya kidijitali Darajani kwa shilingi 35,000, nikapanda boti Malindi alfajiri, nikashuka Mkoani mchana na mapema jioni nilikuwa uani kwa bibi. Nilimweleza ninachotaka, akacheka, kisha akavua bangili akaosha mikono. Mara kumi nilimwambia atie chumvi kwenye sahani kama anavyotia kwenye embe. Kiganja chepesi kilikuwa gramu 47, kizito gramu 53. Nikapima changu mara kumi: kati ya 26 na 38. Mkono wa bibi ulikuwa mzani. Wangu ulikuwa mkono tu, na mdogo kuliko wake. Nilikuwa nimetia karibu theluthi mbili ya chumvi yake nikiamini nimefuata mapishi yake.

Kisha nikamuuliza kuhusu kuanika. Mimi nilianika siku moja. Yeye anaanika mpaka kipande "ukikipinda kisikatike na kisitoe machozi", na siku haijui idadi, inategemea jua. Nikapima kilo moja ya vipande alivyovianika: ilibaki gramu 590. Zangu za chuoni, kwa kumbukumbu nilizoziandika kwa bahati, kilo ilikuwa imebaki gramu 810. Maji yote yale yaliyobaki ndani ya embe zangu ndiyo yaliyokwenda kuipunguza makali siki. Ilinibidi niketi chini. Miaka miwili na nusu nilikuwa nikisoma shughuli ya maji katika chakula, yaani maji yaliyo huru kutumiwa na vijidudu, na bibi yangu anaijua kwa vidole, na mimi nilikuwa na vidole visivyojua na mizani nisiyoitumia.

Niliporudi Unguja ilikuwa Machi. Embe zilikuwa chache na za bei, masika yanakaribia, na Ramadhani imeingia tarehe 12. Ratiba ya chuo haikunisubiri. Ilinilazimu kupika toleo la pili mchana, ndani ya saa za maabara, nikiwa nimefunga.

Wapo wapishi wanaogusisha ncha ya ulimi na kutema, na wanavyuoni wameliruhusu hilo kwa haja. Mimi nafsi yangu haikutulia, nikaamua nisionje kabisa. Siku ya kwanza nilihisi kama nimefumbwa macho. Nilikuwa nimezoea kuuliza ulimi kila baada ya dakika, na sasa ulimi haupo. Nikabaki na mizani, kipimajoto, saa na kipima pH, ambacho safari hii nilikirekebisha kila asubuhi kwa vimiminika vya 4 na 7 kabla sijakigusisha na kitu. Gramu 100 za chumvi kwa kilo ya embe, kama viganja viwili vya bibi. Kwa kuwa jua halikuwa la kutegemea, nilitumia kikaushio cha maabara kwa nyuzi 60, nikipima uzito kila saa mpaka kilo ifike 590. Chupa zikachemshwa. Sampuli zikasagwa, zikapimwa siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Siku ya saba zilitulia kwenye 3.7, na kila chupa niliyoifungua ilisoma karibu sawa na mwenzake.

Naandika haya kwa utulivu, lakini siku zile nilikuwa na hofu ya kweli. Kila usiku baada ya tarawehe nilikuwa nikijiambia nichukue kijiko kimoja tu, nijue. Nikaogopa kwamba nikionja kisha nisiipende nitaanza kuongeza hiki na kile, na jedwali langu litakufa. Nikaiacha.

Jopo la waonjaji nalo nilikuwa nimelipanga Ramadhani bila kufikiri, saa nne asubuhi. Baada ya kugundua, nikajaribu kulihamishia usiku, na hilo pia halikufaa: mtu aliyefuturu kwa tambi, mbatata za nazi na uji hana ulimi wa kuhukumu achari. Nikaomba lisogezwe hadi baada ya Idi. Yule msimamizi aliniambia afadhali nimeomba, maana jopo langu la toleo la kwanza pia alikuwa amelikataa. Nilikuwa nimewaita marafiki kumi, nikawaambia hii ni achari ya bibi yangu, na wote wakanipa 9 juu ya 9. Matokeo ya namna hiyo hayana kazi. Safari hii nilitafuta watu 30 wasionijua vizuri, nikazipa sampuli namba za tarakimu tatu, nikabadili mpangilio kwa kila mtu, nikaweka maji ya kusuuzia mdomo na vipande vya mkate. Wastani ulitoka 7.4. Ile 7.4 niliifurahia kuliko zile 9 zote. Wengi waliandika kwamba ni kali kwa chumvi, na walisema kweli. Achari ya bibi huliwa kidogo pembeni ya wali, nami niliwapa kwa kijiko.

Risiti zote nilizojumlisha zilifika shilingi 318,000, na karibu nusu ni gharama ya kurudia. Kwa anayejiandaa, weka bajeti ya kupika mara mbili tangu mwanzo. Usinunue chupa zote kwa pamoja. Nunua kumi, jaribu, subiri wiki mbili, ndipo uongeze. Pima malighafi kabla na baada ya kila hatua hata kama hujui namba hiyo utaitumia wapi, maana ile 810 niliyoiandika bila sababu ndiyo iliyonionesha kosa langu. Na kabla hujalipa ada popote, fanya mambo mawili: hakikisha kozi imesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kisha omba kuingia maabara. Uliza kipima pH kipo kingapi na kinafanya kazi kingapi. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri na kifaa kimoja kwa wanafunzi arobaini, na hapo utamaliza miaka mitatu ukiwa umetazama mgongo wa mwenzako.

Kuhusu kidato cha tano, sitamwambia mtu asiende. Anayetaka kufika Sokoine, Morogoro, kusomea shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula anaweza kupitia huko, na stashahada yenye alama nzuri nayo inafungua mlango. Wenye kombi ya CBN husoma lishe pamoja na kemia na baiolojia, na niliokutana nao walikuwa na msingi wa kemia ulionizidi mbali. Mimi nilipata mikono kabla ya nadharia, wao nadharia kabla ya mikono. Jambo moja tu ningemwomba kila mzazi: usimpeleke mtoto kwenye fani hii kwa sababu alama zake hazikutosha kwingine. Chakula kinaua watu. Anayekifanyia kazi awe amekichagua.

Wanaotaka kuuza wajue pia kwamba cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kupeleka chupa dukani. Kuna Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kwa upande wa usalama, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa upande wa viwango, na ni vyema uende kuwauliza wanataka nini kabla hujachapisha lebo. Mimi nilichapisha lebo 200 za majaribio zisizo na tarehe ya kutengenezwa wala namba ya toleo. Ziko nyumbani, nyuma zake naandikia hesabu.

Mwezi wa Julai nilitetea mradi. Chumba kilikuwa na watahini watatu na chupa sita za siku ya tisini juu ya meza, vifuniko vimelala bapa. Mtahini wa kati, mtu mzima mwenye kofia ya viua, alifungua moja, akainusa, akaonja kwa ncha ya uma, akatikisa kichwa taratibu kuashiria imekubali. Akaniuliza, "Nani aliionja kabla ya kuifunga?"

"Hakuna, maalim. Nilikuwa nimefunga."

Akanitazama, akavaa miwani, akavuta ripoti yangu na kufungua ukurasa wa jedwali la chumvi. Akaanza kusoma kutoka mstari wa kwanza, kidole kikifuata namba.